Pampu Zilizowashwa Siku ya Idi

Asubuhi ya Idi kubwa, jua lilipoanza kuchungulia juu ya mikorosho, waumini wa kijiji kimoja ng'ambo ya Mtawanya walikuwa wamekwisha kujipanga uwanjani safu kwa safu. Kanzu zilikuwa zimefuliwa kwa sabuni ya mche, zikatiwa buluu, zikapigwa pasi ya mkaa hadi mikunjo ikasimama kama makali ya kisu. Watoto walinukia mafuta ya nazi. Imamu alikuwa ndiyo kwanza anafunga swala, mara kutoka upande wa mashamba ukasikika mngurumo. Pampu sita, zimebebwa mgongoni na vijana sita wa kupuliza dawa, ziliwashwa kwa mpigo mmoja. Unga wa salfa ukanyanyuka, ukavuka vilele vya mikorosho, na upepo, ambao siku hiyo haukuwa na adabu, ukaubeba mpaka uwanjani. Swala ilipotolewa salamu, safu ya mbele ilikuwa ya manjano tangu kofia hadi nyayo.

Wapulizaji walifukuzwa kwa makelele. Msimamizi wao alirudi kinyumenyume, simu juu kama mtu anayeonyesha kitambulisho.

"Ratiba imesema leo, wazee wangu! Someni wenyewe! Jumatano, saa moja asubuhi!"

Ni kweli ratiba ilisema hivyo. Hata wakulima wenyewe walikuwa wametumiwa ujumbe, lakini ulifika usiku wa kuamkia Idi, simu zimejaa salamu za ndugu wa Dar es Salaam na Zanzibar. Nani angesoma habari za pampu? Mashamba kumi na saba yakabaki bila dawa, na maua ya mkorosho hayana subira. Yakikosa salfa kwa wakati wake, ubwiriunga huyavaa kama ukungu mweupe, yakapukutika kabla ya kushika korosho.

Ratiba hiyo haikuandikwa na mtu. Ilitolewa na programu ya kompyuta, na programu hiyo ilikuwa kazi ya mabinti wawili: Fatemazehra, mtoto wa Yusufali mwenye duka la kamba, rangi na kufuli kule Mikindani, na mwenzake Helena, mzaliwa wa Masasi. Walikuwa wakifanya kazi pamoja katika chumba kimoja juu ya lile duka, meza mbili, feni moja, na birika la chai ambalo aliyewahi kufika ndiye aliyelijaza. Mwaka wa pili sasa walikuwa wakiupangia Umoja wa wakulima wa kijiji hicho siku za pampu, ili pampu sita zitoshe mashamba mia mbili bila watu kugombana.

Simu ilimfikia Fatemazehra saa tatu asubuhi.

"Naam, Bi Somoe. Shikamoo. Idi njema."

"Marahaba. Njema ipi, mwanangu?" Bi Somoe ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu shamba hadi shamba. "Tumeswali tumepakwa dawa kama mikorosho! Rajabu kaenda kumpa mama yake mkono wa Idi, bibi wa watu kapiga chafya mara saba. Nani kaiambia mashine yenu leo ni siku ya kazi?"

"Haiwezekani. Programu inaziruka sikukuu zote."

"Imeruka jana. Jana wapulizaji wamelala kutwa, wanasema simu iliwaambia ni Idi. Sasa, mwanangu, sikuvunjii heshima, lakini jana ilikuwa Idi ya nani?"

Fatemazehra alihisi masikio yakimwaka moto. Jana ilikuwa Idi ya kwao. Wao ni Mabohora, na Mabohora hufuata kalenda ya hesabu iliyopigwa tangu zamani. Hawangoji mwezi uonekane na kutangazwa. Kwa hiyo mara nyingi Idi yao huwatangulia Waislamu wengine kwa siku moja, pengine mbili. Jana yeye na familia yake walikuwa wamekwisha kuswali, wakala, wakatembeleana hadi Shangani.

"Huku watu wanasema, binti wa Yusufali kaiweka Idi ya kwao, yetu kaitupa," Bi Somoe aliendelea.

"Mimi nimezaliwa Mikindani, Bi Somoe! Idi ya nchi naijua. Na sehemu ya kalenda sikuigusa mimi."

"Nani kaigusa?"

Fatemazehra akasita. Jina lilikuja hadi ncha ya ulimi, akalimeza.

"Basi Jumamosi saa nne tuna mkutano ghalani," Bi Somoe alisema. "Njoo utueleze nani kafanya. Pasipopatikana mtu, mwanangu, hao wenye kanzu za manjano watakutaja wewe, na kazi mtakuwa mmeipoteza."

Ili mtu aelewe kilichofuata, ni lazima ajue jambo moja kuhusu programu. Haiandikwi yote na mkono mmoja. Apikaye pilau hachimbi chumvi wala halimi bizari. Huvitwaa vilivyokwisha kutengenezwa na wengine. Waandishi wa programu nao huchukua vifurushi vya wenzao: kifurushi cha kutuma ujumbe, kifurushi cha ramani, kifurushi cha kalenda. Vinakaa kwenye ghala kuu mtandaoni, na mtu akivitaka huvishusha vikakaa kwenye stoo ya kompyuta yake. Kisha kuna chombo cha kuiunga programu ikawa kitu kimoja. Mabinti hao walikiita Mjenzi. Ukimwandikia Mjenzi maneno mawili, "leta kalenda", yeye ndiye anayekwenda kuitafuta na kuichomeka mahali pake. Kila Jumapili Fatemazehra alimpa Mjenzi kazi kwenye kompyuta yake mwenyewe, na programu iliyotoka hapo ndiyo iliyowapangia wakulima wiki nzima.

Siku hiyo ya Idi, Fatemazehra alipanda ghorofani peke yake, akafungua daftari la kazi, lile ambalo kompyuta huandika nani kabadilisha nini na lini. Hakuhitaji kusoma sana. Wiki mbili nyuma lilikuwapo jina la Helena, na mbele ya jina: "Nimeondoa sikukuu tulizoandika kwa mkono. Sasa programu inaleta kalenda." Kabla ya siku hiyo sikukuu zote zilitoka sawa. Baada ya siku hiyo, Idi ikahama.

Alikifungua kifurushi cha kalenda kilichokuwa stooni. Watu wa Dar es Salaam ndio waliokitengeneza, nao hukirekebisha kila mwezi unapoandama na kutangazwa. Kwanza aliwashuku wao. Lakini ndani mlikuwa safi kama pamba: Idi, Jumatano. Akaiendesha programu: Idi, Jumanne. Akarudia mara tatu. Kifurushi kizima, tarehe mbovu! Alichokiandika Helena kilikuwa maneno mawili tu, leta kalenda, yasiyo na dosari. Hapo ndipo shaka ikapiga mizizi. Alijisemea kuwa mwizi mjinga huacha unyayo, mwizi hodari hufagia.

Na kwa nini Jumanne, kati ya siku zote? Kwa nini Idi ya Mabohora barabara? Fatemazehra aliligeuza swali hilo kama mtu anayegeuza chapati, na kila upande ulipoiva alizidi kuamini. Aliyeiweka tarehe ile alitaka watu waione na waseme, huyu ni binti wa Yusufali. Aliyejua Idi yao ni lini ni mtu aliyekula biriani yao ya Idi. Mwaka jana Helena alikuwa ameila, tena akaomba ukoko.

Alhamisi Helena aliingia kazini na mfuko wa maandazi.

"Shoga, nimesikia balaa," alisema, hata kabla hajakaa. "Jana nimeiendesha programu kwangu mara nne. Inatoka sawa. Tazama mwenyewe: Jumanne kazi, Jumatano Idi."

"Kwako sawa, kwangu siyo sawa."

"Ajabu."

"Ajabu kweli," alijibu Fatemazehra, na andazi hakuligusa.

Tangu hapo macho yake hayakulala. Helena aliweka simu kifudifudi mezani; Fatemazehra akaona. Helena alisogeza kiti dirishani. Akajiuliza anakimbia joto au anakimbiza kioo cha kompyuta yake kisionekane. Mara mbili simu ililia, na mara mbili Helena alitoka kuongelea ngazini, kwa Kimakonde, kwa sauti ya chini, akitaja pampu. Fatemazehra hakuelewa zaidi ya hilo neno moja, na hilo moja lilimtosha. Helena aliposhuka kununua vocha, yeye alibadilisha neno la siri la seva, ile kompyuta kuu iliyohifadhi kazi yao, akamfungia mwenzake nje. Kisha akashuka dukani, akaomba kufuli la kufungia droo ya meza.

"Kuna nini?" baba yake aliuliza.

"Kuna mtu."

Yusufali alimtazama juu ya miwani. "Wa ndani au wa nje?"

"Wa ndani."

"Basi chukua hili lenye funguo mbili. Lile lina tatu." Alilifuta vumbi kwa kitambaa, akalijaribu, akampa. "Umekwisha kumwuliza mwenyewe huyo mtu?"

"Mwizi haulizwi, baba. Huviziwa."

Mzee alimgeukia mteja wa misumari aliyekuwa anangoja.

Jioni Helena alijaribu kuingia kwenye seva, akashindwa. Alijaribu tena, akiandika herufi mojamoja. Kisha akamgeukia mwenzake, ambaye alijifanya anasoma.

"Zehra, neno la siri limebadilika?"

"Limebadilika."

"Jipya ni lipi?"

"Tutazungumza Jumamosi, ghalani, mbele ya wenye mashamba."

 Helena akafunga kompyuta yake taratibu, akaitia begani, akashuka ngazi. Mfuko wa maandazi aliuacha pale pale.

Jumamosi ilifika. Ghala la Umoja halikuwa na korosho majira hayo, ila harufu yake ilikuwa bado imeganda ukutani. Watu walikaa juu ya magunia yaliyokunjwa, wanawake upande wa mlangoni, wanaume upande wa mizani. Fatemazehra aliingia na rida yake ya rangi ya maziwa, vazi la wanawake wa Kibohora la kujifunika, kompyuta kifuani kama mtoto mchanga. Helena alikuwa amekwisha kufika, amekaa karibu na Bi Somoe.

"Mkaribisheni kwa mbali," Rajabu, mmoja wa wakulima, alisema, na sauti yake ikavuta kicheko. "Asije akatuambia leo ni Ijumaa, tukaanza kutafuta msikiti!"

"Rajabu, funga mdomo, bado una salfa kwenye nyusi," alisema Bi Somoe. "Haya, mwanangu Fatemazehra. Kanzu tumefua. Mashamba kumi na saba ndiyo yanayotuuma. Tunataka kujua kama programu hii ina adui au haina, maana kama ina adui tunarudi kwenye daftari na ubao. Sema."

Fatemazehra alisimama. Usiku kucha alikuwa ameyapanga maneno.

"Bi mwenyekiti, wazee wangu, programu haikukosea yenyewe. Sikukuu zilikuwa sawa mpaka wiki mbili kabla ya Idi, alipoingia mtu kwenye kalenda akabadilisha. Jina lake limeandikwa na kompyuta, si na mimi. Mtu huyo kwake Idi inatoka sawa, kwangu inatoka vibaya, na ninyi mnapata ya kwangu. Akaichagua siku ya Idi yetu sisi ili lawama iniangukie mimi. Mtu huyo ni Helena."

Ghala lilivuma kama mzinga uliopigwa jiwe. Bi Somoe alimgeukia Helena, uso umekunjamana.

"Helena? Huyu ambaye tangu Alhamisi kanipigia simu mpaka betri ikaisha?"

"Alikupigia kwa ajili ya nini?" Fatemazehra aliuliza haraka.

"Kuwabembeleza wapulizaji warudi kwenye yale kumi na saba. Msimamizi alikuwa kanuna, hataki kusikia. Wameongea Kimakonde wee, mpaka kalainika. Jumatatu wanakuja."

 Wema wa Alhamisi, Fatemazehra alijiambia, haufuti ubaya wa wiki mbili nyuma.

Helena alisimama. Hakupandisha sauti.

"Mabadiliko niliyafanya mimi, sikatai. Zile tarehe tulikuwa tunaziandika kwa mkono, mwezi ukisogea tunasahau. Nikaandika programu ilete kalenda. Zehra, uliikagua ile kalenda ya stooni?"

"Niliikagua."

"Ina kosa?"

"Haina. Ndiyo maana nasema uliichezea mahali pengine."

"Fungua kompyuta yako. Hapa, mbele ya watu."

Rajabu alisogeza mizani, kompyuta ikawekwa juu yake. Fatemazehra aliifungua kwa mkono wa mtu mwenye haki.

"Sasa uiulize," alisema Helena, akibaki upande wa pili, nyuma ya kioo, asikoweza kuona chochote. "Usiiulize Idi ni lini. Hilo umeliuliza siku tatu. Mwulize Mjenzi, hiyo kalenda ameitoa wapi."

Fatemazehra aliandika swali. Jibu lilikuja kabla hajanyanyua kidole. Lilikuwa mstari mmoja mfupi: jina la kompyuta yake, jina la folda yake ya kazi, na mwisho, faili lenye jina kalenda. Stoo haikutajwa popote.

Alilitazama lile faili kama mtu aliyekuta kiatu kigeni chini ya kitanda chake. Akalifungua. Juu kabisa, kwa maneno yake mwenyewe, palikuwa pameandikwa: Siku za Idi, za kufunga na za vikao vya majlis, kwa ajili ya bibi Batulbai.

Miaka mitatu iliyopita, kabla Helena hajaja, bibi yake alitaka kuzijua mapema siku zao za mwaka mzima. Fatemazehra akamwandikia kalenda ndogo inayopiga yenyewe hesabu ya Kibohora kwa kila mwaka, akaitia humo humo kwenye folda ya kazi kwa uvivu wa kufungua nyingine. Na kwa kuwa yalikuwa mambo ya nyumbani, akaiambia kompyuta faili hilo lisitoke nje, lisionwe na yeyote atakayefanya naye kazi. Lilikaa humo kimya, halimdhuru mtu, kwa sababu hakuna aliyeita kalenda. Siku Helena alipoiita, Mjenzi alifanya kama mtoto aliyetumwa chumvi: akiikuta jikoni, haendi dukani. Huanza kutafuta ndani ya folda, ndipo aende stooni, na akipata hatazami mbele. Kwa Helena folda haikuwa na kitu, akaenda stooni, akaleta Jumatano. Kwa Fatemazehra aliikuta mlangoni, akaleta Jumanne. Yote hayo aliyajua. Aliyajua kama mtu anavyoijua ngazi ya kwao, anapanda bila kuitazama.

"Inasema nini?" Bi Somoe aliuliza.

Kioo kilimtazama yeye peke yake. Watu wote ghalani hawakuwa na uwezo wa kusoma mstari ule, na aliyekuwa nao alikuwa upande wa pili. Ilitosha kufuta faili kwa kidole kimoja, aseme kosa limetoweka, na jina la Helena libaki kama alivyolitaja. Alinyanyua macho, akakutana na ya Helena.  Helena alikwisha kuelewa, ilionekana. Alikuwa anangoja kuona mwenzake ni mtu wa namna gani.

"Mwanangu, tumekuuliza," alisema Bi Somoe.

"Inasema," Fatemazehra alisema, mkono ameuondoa juu ya kompyuta. "Inasema kalenda imetoka kwangu. Ndani ya folda yangu. Niliiandika mimi, kwa ajili ya bibi yangu, nikaificha, nikaisahau. Helena hana kosa. Aliyewapaka salfa ni mimi."

 Rajabu, ambaye mdomo wake haukosi la kusema, alikuwa anatazama magunia.

"Na neno la siri nilimbadilishia," Fatemazehra aliongeza, kwa kuwa ameanza, akaona amalize. "Na droo ya meza nikaifunga kwa kufuli. Nilimvizia ngazini siku nzima, nikasema anapanga njama. Kumbe alikuwa anawaombea ninyi dawa."

Alilitoa lile faili kwenye folda ya kazi, akaliweka mbali na kazi za watu, akamwambia Mjenzi aanze upya. Akakigeuza kioo wakione: Jumanne kazi, Jumatano Idi.

Helena alichungulia, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaokota begi lake.

"Jumatatu nitakuwa shambani na wapulizaji," alimwambia Bi Somoe. "Maua hayana kosa." Akamgeukia Fatemazehra. "Kazi nitaendelea nayo. Lakini kile chumba, Zehra, wiki hii usinitazamie. Ulikagua kifurushi cha Dar es Salaam, ukakagua maandishi yangu, ukakagua mpaka ninavyoweka simu. Kuniuliza tu, ukashindwa."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Sijasema leo."

Akatoka, na wanawake wa mlangoni wakampisha kwa heshima. Fatemazehra alibaki amesimama mbele ya mizani, hajui aketi au aondoke. Bi Somoe alimvuta mkono, akamkalisha kwenye gunia lililokuwa la Helena, bado lina joto.

"Umesema kweli, na programu yako tutaendelea nayo," alimwambia, si kwa ukali wala si kwa upole. "Ila uchukue na hili uende nalo Mikindani. Adui umemtafuta Dar es Salaam, umemtafuta Masasi, umemtafuta mpaka kwenye maandazi. Pahali pamoja tu hukupekua, napo ni kwako. Wazee hawakukosea, mwanangu: kikulacho ki nguoni mwako."